Kibao cha Punda na Kiingereza cha Umatroni

Mwanangu alikuja kwangu vidole viwili vinavuja damu, na kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kulia. Alivua kibao shingoni mwake akanivalisha mimi.

Ngoja niliseme taratibu. Ilikuwa mapumziko ya uji. Mimi niko chumba cha matroni, nakunja mashuka ya watoto wa chekechea. Kalunde, mwanangu wa darasa la kwanza, akasimama mlangoni, mkono mmoja kauficha ndani ya sweta. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama sheria ya shule inavyotaka, "What's wrong?" Anaangalia viatu. Nikaona tone jekundu kwenye saruji, halafu la pili. Sheria ikanitoka kichwani.

"Umefanyaje, mama? Nani kakuumiza?"

Hapo akainua uso. Nikadhani sasa analia. Akageuka kwanza kuangalia kama kuna mtu nyuma, akasogea, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, na kwa ule mkono mzima akanivika kamba ya kibao. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi. "You spoke Kiswahili," akaniambia.

Mlango wa chuma wa darasa ndio uliobamizwa na upepo, vidole vyake vikiwa kwenye bawaba. Kucha mbili zilining'inia. Na hakupiga kelele, kwa sababu "mama yangu wee" ni Kiswahili.

Basi nyie mabinti mnaomaliza kidato cha nne hapa mtaani kwetu Isevya, mnaonisimamisha dukani na kuniuliza, "Dada Vero, kazi ya umatroni shule za Kiingereza ikoje, tuombe?", kaeni niwaambie yote kwa mara moja. Mimi nimestaafu. Chekeni tu. Sijafika hata miaka thelathini na nimestaafu, sirudi kwenye kazi ile hata nikibembelezwa kwa ngoma. Lakini ninayoyajua nayajua, na mengine yatawafaa.

Shule yenyewe siitaji jina. Iko nje kidogo ya mji, ina ukuta mrefu na maua mazuri getini. Mwenye shule ndiye mkuu wa shule, ndiye mhasibu, ndiye kila kitu. Tulimwita Madam. Nilifika pale na cheti changu cha daraja la nne, Kalunde akiwa bado anabebwa mgongoni, na walichonivutia nacho ni kwamba mtoto wa mfanyakazi atasoma bila ada. Mkishika hilo, mtaelewa kwa nini nilinyamaza muda mrefu.

Siku ya usaili Madam akaniuliza, "Can you get on with small children?" Nikajibu yes. Kumbe aliniuliza kama naelewana na watoto, mimi sikujua, ila yes haijawahi kumfukuzisha mtu kazi siku ya kwanza.

Kesho yake ndiyo nikajua nimeingia mahali gani. "Line up! Hurry up! Settle down! Tidy up!" Madam anapita kama upepo wa Septemba na kila sentensi yake ina kijineno kimening'inia mkiani. Mimi shuleni nilifundishwa wakati uliopita na wakati ujao, nikafundishwa na zile sentensi za kutendwa. Hivi vya mkiani mwalimu alivisoma harakaharaka muhula wa mwisho, mitihani ikiwa imeshafika. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, naigiza nina kazi.

Aliyeniokoa ni matroni mkubwa, mama mtu mzima wa Kinyamwezi. Nitamwita Anti Nyamizi, na si jina lake, aliniomba nisimtaje. Tulikuwa tukisalimiana stoo, kwenye magunia ya unga. "Shikamoo, Anti." "Marahaba, funga mlango." Ndivyo shikamoo ilivyosemwa pale, kama watu wanaouziana gongo.

Siku ya kwanza aliniangalia akacheka. "Umesoma mpaka wapi?"

"Form four."

"Basi 'take' unaijua. 'Put' unaijua. 'Get', 'look', 'turn', zote unazijua. Na 'up', 'down', 'off' na 'out' unazijua. Shida yako hujui wakioana wanazaa nini."

"Sasa Anti, mtoto hafanani na baba wala mama?"

"Mara nyingine anafanana. 'Sit down', umemwona baba. Mara nyingine ndoa hiyo imezaa kitu kingine kabisa. 'Give up' ni kukata tamaa. Kuna nani kapewa nini hapo? Usiulize. Hata sisi, piga pasi, nguo imekosa nini? Piga mswaki, piga deki, piga magoti, piga chafya. Mgeni akija na kamusi atadhani Tabora tunashinda tukitwangana."

Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifungua kichwa kama mama yule, na alinifundisha huku anasugua sufuria. Nawapeni njia yake bure, maana vituo vya kozi vitawachezea.

Msikariri orodha. Orodha ya vitenzi mia utaisahau kabla hujafika mwisho. Kila kitenzi kipe kazi ya mikono. Unamvua mtoto soksi, sema "take off". Unamvalisha, "put on". Umeinama kuokota kalamu, "pick up". Unarudisha midoli kwenye boksi, "put away". Anti Nyamizi alinilazimisha niseme kwa sauti kila nilipofanya, mpaka nikawa naota navua watu soksi. Baada ya wiki chache mdomo ulikuwa unatoka wenyewe.

Pili, msijifunze ndugu wanaofanana kwa siku moja. "Put off", "put out", "put up", "put up with" wakiingia pamoja watapigana kichwani, atoke mmoja na macho mekundu. Jifunze mmoja, uoane naye, ndipo umlete mwingine.

Tatu, chukueni sentensi nzima kama inavyosemwa jikoni au darasani. Mimi sijui "run out" pekee yake. Mimi najua "we've run out of sugar", maana niliisikia kila Jumatano, na kila Jumatano nilikuwa na mawazo yangu kuhusu ile sukari ilikokwenda.

Na nne, usipoelewa, angalia jicho la anayesema linaenda wapi. Mtu akisema "look out" haangalii kamusi. Anaangalia jiwe linalokuja.

Nilikosea, eeh, nilikosea sana. Siku moja wageni walichelewa, Madam akachungulia jikoni akasema, "Put off the porridge." Sasa huku kwetu sote tunasema "put off the light", yaani zima taa. Hata walimu wanasema hivyo. Nikachukua jagi la maji, nikamimina kwenye kuni. Moshi uliotoka pale, watu wa barabarani walidhani shule inaungua. Uji ukabaki maji na unga, watoto wakasubiri mpaka wali wa mchana.

Anti Nyamizi alicheka mpaka akakaa chini. "Kasema uji usubiri, wewe umeuzika!"

Yalikuwa na raha yake, siwezi kudanganya. Nilifika mahali nasema "cheer up", "come on", "wrap it up", na watoto wananielewa, na mimi najisikia mtu. Kiingereza hakijanikosea. Nawaambia mapema ili asije mtu kusema Vero anachukia Kiingereza kwa sababu alifeli.

Ninachokichukia ni kibao.

Ni kipande cha mninga, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Upande mmoja kimechorwa kichwa cha punda. Asubuhi Madam anamvika mtoto wa kwanza atakayemsikia anasema Kiswahili au Kinyamwezi. Kazi ya mtoto huyo kuanzia hapo ni kutega masikio. Akimsikia mwenzake anateleza, anavua, anamvika. Huyo naye anatega. Kinazunguka hivyo mchana kutwa. Jioni Madam anamsimamisha aliyebaki nacho, anamuuliza, nani alikuvika? Naye alivikwa na nani? Na nani mwingine umemsikia leo? Wanataja mnyororo mzima. Anayetaja vizuri anaitwa ofisini, sisi tulidhani ni kupongezwa.

Kumsemea mwenzako hivyo Kiingereza kinaita "tell on". Nilijifunza hicho kitenzi kwa watoto wa miaka sita, na walikijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Na hii ni Tabora! Mji ambao Kiswahili kilifika kwa miguu zamani za misafara, Mnyamwezi kabeba pembe kichwani, Mwarabu anapanga bei, Mmanyema anauza chumvi, na wote wakasikilizana kwa lugha hiyo hiyo. Leo mtoto wa Tabora anavishwa punda kwa kuisema.

Mtaniuliza, wewe hukuona? Niliona. Nilijiambia ni shule, shule zina taratibu zake. Halafu taratibu zikaanza kunigeukia mimi.

Madam aliniita ofisini. "Aunt Vero, I've found out that you speak Kiswahili at nap time." Nikakana. Akatabasamu, akanisomea kwa mdomo maneno yangu mwenyewe: "Pole mwanangu, lala." Neno kwa neno. Wiki iliyofuata tena: "Nyamaza baba, mama anakuja." Neno kwa neno.

Jamani. Chumba cha kulala kile madirisha yapo juu, mlango naufunga mwenyewe. Ndani kuna watoto wa chekechea wamelala fofofo, na Kalunde wangu, aliyekuwa akija mchana kujinyoosha pembeni yangu. Yeye sikumhesabu. Nani anamhesabu mwanawe?

Nikaanza kuwahesabu wengine. Wa kwanza, Anti Nyamizi. Mbona siku hizi anapita dirishani polepole? Mbona ananiuliza kama watoto wamelala? Mtu aliyenifundisha kula pale, nikaacha kula naye. Nikamtegea mtego. Nikamwambia yeye peke yake, stoo, "Anti, Madam ana kisogo kama mzinga wa nyuki." Nikasubiri niitwe ofisini. Siku zikapita, sikuitwa. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, si yeye. Mimi nikasema ameushtukia mtego, mjanja huyu.

Kisha zikaja pipi. Nafua begi la Kalunde, nakuta soksi imefungwa fundo. Nafungua: pipi. Nyingi, zote na makaratasi yake, hakuna hata moja iliyolambwa. Nyie hamjawa mama, lakini mtoto wa kike akikutwa na pipi zisizojulikana zilikotoka, akili ya mama inaruka moja kwa moja mahali pabaya kuliko pote. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akalifunga upya fundo la soksi. Nikambembeleza, nikafoka. Akajifunika shuka.

Asubuhi nikamwendea mlinzi wa getini, Baba Hamisi, kwa sababu ndiye mwanaume pekee anayeshinda pale.

"Shikamoo Baba Hamisi."

"Marahaba, lakini punguza sauti."

"Unampa mwanangu pipi?"

Mzee wa watu akavua kofia. "Mimi? Mama Kalunde, mimi na wajukuu zangu pipi tunaziona dirishani. Na usiniulize swali kama hilo mbele za watu, utanifanya nifukuzwe mji." Akaangalia huku na huku. "Pipi ziko ofisini, kwenye kopo la kahawa. Muulize mwenye kopo."

Nikamtazama nikasema moyoni, huyu anawatupia wengine mpira. Nikabadili njia, nikawa nampitisha Kalunde geti la nyuma. Mnaona shaka inavyofanya kazi? Aliniambia ukweli mtupu, na mimi nikamkimbia.

Wakati huo wote Kalunde anazidi kunyamaza. Hapo ndipo palikuwa na hatari yenyewe, na mimi nilikuwa bize natafuta mchawi. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka na kuku, sasa ukimpa chakula anaitika kwa kichwa. Nikasema anakua.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeona. Alikuja kutoka Sikonge na kidumu cha asali, kapanda baiskeli ya mjomba kwa vumbi lote lile mpaka akapata gari. Hajakaa, akamsalimia mjukuu wake Kinyamwezi. "Mwangaluka, Kalunde!" Zamani mtoto alikuwa anaitikia kabla bibi hajamaliza, wanarushiana salamu mpaka majirani wanacheka. Safari hii alisimama kama nguzo. Akaangalia ukutani, upande wa pili wa ukuta anakoishi mtoto mwingine wa shule yetu.

"Vero, mtoto huyu kaota ububu?"

"Amechoka tu, mama."

"Amechoka na nini? Salamu ni mzigo?"

"Shule wanasoma sana."

Mama akamwaga asali kwenye kikombe, akampa. Kalunde akanywa, akafuta mdomo, akatoka. Hakusema asante ya lugha yoyote.

"Mimi mlinisomesha ninyi wote kwa tumbaku na mizinga," mama akasema, akajisahihisha, "mimi niliwasomesha. Hakuna aliyerudi hivi. Mtoto anaangalia ukuta kabla ya kuniangalia mimi, halafu unaniambia kachoka. Labda umechoka wewe."

Nilimkasirikia mama yangu siku hiyo. Nikamwambia zama zimebadilika, sasa hivi bila Kiingereza mtu haajiriwi hata kufagia. Akaenda kulala mapema. Sikumwambia habari ya kibao.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mlango wa chuma.

Nilipovikwa kile kibao sikupiga kelele. Watu wananiuliza, ulipiga kelele? Hapana. Nilikivua, nikakitia mfukoni mwa gauni la kazi, nikamfunga mtoto kitambaa, nikambeba mgongoni kama zamani, nikapita geti kubwa bila kuomba ruhusa. Baba Hamisi alifungua geti lote, hata la magari. Bodaboda, zahanati.

Nesi alikuwa mpole. "Pole mama, inauma wapi?" Kalunde akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akaniangalia mimi tena. Nesi anasubiri na pamba mkononi. "Mtoto haongei?" akaniuliza.

"Anaongea," nikasema. "Anaogopa."

"Anamwogopa nani?"

Nilikuwa na orodha ndefu ya watu niliowashuku na hakuna niliyeweza kumtaja pale.

Nyumbani, jua bado liko juu, nikamkalisha kwenye mkeka. Nikampa chai. "Kalunde, hapa ni nyumbani. Sema chochote. Lia ukitaka."

Akanong'ona. Kwa Kiswahili, cha kwanza nilichokisikia kwake kwa muda mrefu. "Madam atajua."

"Atajuaje? Hapa hayupo. Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye namwambia. Kila siku. Nani kasema Kiswahili nyumbani, nani kasema kwenye kulala. Nikimwambia ananipa pipi kwenye kopo." Halafu akaharakisha, kama mtu anayejitetea mahakamani: "Ila sizili, mama. Sijala hata moja."

Mabinti, sina namna ya kuwaeleza. Yule mpelelezi niliyemtafuta dirishani, stoo, getini, nilikuwa namvalisha sare kila asubuhi. Na hakuwa na kosa lolote. Mtu mzima alimkalisha mtoto wa miaka sita ofisini akamfundisha kumchunga mama yake, na mtoto akatii kama tulivyomfundisha kutii wakubwa. Alipoumia, akafikiri kwanza atauza nini ili aruhusiwe kulia.

Alilia baadaye. Alilia mpaka jirani akaja. Nikamwacha.

Asubuhi yake nilikwenda shule peke yangu. Stoo nikamkuta Anti Nyamizi. Nikamwambia yote, nikamwambia pia kwamba nilimshuku yeye.

Akaacha kuchekecha unga. "Ulinishuku mimi?"

"Ndiyo, Anti. Nisamehe."

"Na mimi nilikushuku wewe. Nami nilisomewa maneno yangu. Nilidhani ndiyo sababu umeacha kula na mimi, unaona haya." Tukaangaliana. Tulikuwa tumefanyiwa kitu kimoja na tumekaa kila mtu na kona yake, kama paka wawili.

"Twende wote ofisini," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mimi nimebakiza kidogo nipate kiinua mgongo changu. Nenda. Jina langu usilitaje."

Simlaumu. Lakini nilikwenda mwenyewe, na hilo pia mlijue.

Madam alikuwa anapanga ratiba ya mitihani. Nikaweka kibao mezani. Akaniambia kwa Kiingereza nitulie. Nikamwambia mtoto wangu ameng'oka kucha mbili na hakuita mtu. Akainuka, akafunga mlango, na mlango ulipofungwa tu, Kiswahili kikamtoka safi, cha Tabora kabisa.

"Vero mdogo wangu, kaa. Unajua mwanao anasoma hapa bila ada."

"Najua."

"Wazazi wananiletea watoto kwa ajili ya Kiingereza. Mzazi akisikia Kiswahili getini anahamisha mtoto. Unadhani nitawalipa nini nyie? Kibao ni mchezo tu. Watoto wanakipenda."

"Kalunde hakipendi."

"Kalunde ndiye mtoto wangu bora. Ananiambia kila kitu."

Alilisema kwa fahari. Kuna kitenzi kimoja Anti Nyamizi alinifundisha mwishomwisho, kwa sababu kina mikia miwili na nilikuwa nakichanganya: "put up with". Kuvumilia. Nikamjibu Madam kwa Kiingereza, kwa sauti ya paredi, ili wapitao nje wasikie: "I put up with it for my child. I will not put up with it any more."

"Keep your voice down!"

"No."

Akarudi kwenye Kiswahili. "Utajuta. Nenda ukamtafutie shule ya kukaa sakafuni."

Nikavua gauni la kazi nililolivaa juu ya nguo zangu, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya kile kibao. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Sasa mnaona kwa nini nawaambia, mkiomba kazi hizi, jifunzeni Kiingereza kama nilivyowaelekeza, kwa mikono, kwa sentensi nzima. Kitawafaa. Ila siku ya kwanza ya kazi ulizeni jambo moja: mtoto akiumia hapa, anaruhusiwa kuita kwa lugha gani? Mkijibiwa kwa kicheko, chukueni cheti chenu mwondoke. Na mkiambiwa mwenzenu anawasema kwa mkubwa, msikimbilie kumnunia mwenzenu. Angalieni kwanza nani anafaidika nyie msiposemezana.

Kutoka pale nilikwenda ofisi ya elimu. Afisa alinisikiliza, kalamu imesimama. "Mama, una ushahidi? Shule ile inafaulisha. Na wewe umeacha kazi leo, watasema una kinyongo."

"Nina kinyongo, ndiyo. Naomba karatasi."

Akanipa. Niliandika pale pale kwenye benchi lake, kwa mkono, na nikamwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu mbele ya macho yangu, maana siku hizi siamini droo ya mtu. Nakala ni hii:

*Yah: Malalamiko juu ya watoto kuvishwa kibao na kufundishwa kuwasemea wazazi*

*Ndugu Afisa, husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la kwanza katika shule niliyokutajia kwa mdomo, na nilikuwa matroni hapo hadi leo asubuhi. Nalalamika kwamba watoto wanavishwa kibao chenye picha ya punda wakisema Kiswahili au lugha ya nyumbani. Nalalamika kwamba mkuu wa shule anawaita ofisini na kuwapa pipi ili wawaseme wenzao, matroni, na wazazi wao majumbani. Binti yangu alibanwa vidole na mlango, hakuita msaada, kwa kuogopa lugha. Vidole vyake viko tayari kuonwa na daktari yeyote mtakayemchagua.*

*Sijalalamikia Kiingereza. Kifundishwe, tena zaidi.*

*Umeniuliza ushahidi. Ushahidi ni watoto, lakini nakuonya kwamba mkienda kuwahoji hawatasema kitu, na yule mtakayempata akisema, jioni atawataja ninyi ofisini.*

*Kwa hiyo sidai fidia na sidai shule ifungwe. Nadai paredi moja. Mkuu wa shule asimame mbele ya watoto wote na walimu wote, na wewe ukiwepo, awaambie kwa Kiswahili: mkiumia, lieni, mkiumwa, semeni, na mlichosikia kwa mama zenu ni chenu. Aseme yeye kwa mdomo wake. Akisomewa na mtu mwingine, watoto wale watadhani ni mtego.*

*Ni mimi, Veronika, mama yake Kalunde.*